Kukikalia Kiti Kipya: Fundisho la Utete



Tunawashukuru kwa kutualika katika maadhimisho haya. Sisi tuliosimama mbele yenu tumetoka Utete, wilayani Rufiji. Miongoni mwetu wamo wauguzi, matabibu na walimu. Linalotukutanisha ni kwamba kila mmoja wetu amekabidhiwa uongozi kazini katika kipindi kisicho kirefu: huyu uganga mfawidhi wa zahanati, yule ualimu mkuu, mwingine ukuu wa kitengo. Mmetutaka tuzungumze juu ya namna mtu anavyouanza uongozi mpya, na sababu tumeambiwa. Kamati ya hekalu inajiandaa kukabidhi kazi kwa vijana, na katika nyumba nyingi za hapa mtoto anapokea funguo za duka au za ofisi kutoka mkononi mwa mzazi wake. Jambo hili basi si la kupambia sherehe. Kesho asubuhi kuna mtu hapa atakayefungua mlango ambao jana haukuwa wake kuufungua.

Hatukuja na nadharia. Tutaeleza mambo matatu yaliyotokea katika nchi yetu, la kwanza likiwa la hapohapo kwetu Rufiji, kisha tutasema tunayoyaona wenyewe kazini. Hoja yetu ni moja, nayo ni hii: kiongozi mpya aanze kwa kujua kilichopo kabla ya kuamuru kitakachokuwapo, na akishajua, ayagawe madaraka, asiyalundike mezani kwake.

Tuanze na barua. Barua ya uteuzi ni fupi. Inataja jina lako, cheo chako na tarehe ya kuripoti, kisha inakutakia kazi njema. Haisemi stoo ina nini. Haisemi jokofu la chanjo lilianza lini kusumbua, wala ni mtumishi gani hazungumzi na mwenzake, wala kwa nini akina mama wa kitongoji fulani hawaleti watoto kliniki. Anayeipokea huhisi mambo mawili kwa pamoja: furaha ya kuaminiwa, na hofu ya kuonekana hajui. Hofu hiyo ndiyo hatari. Mtu anayeogopa kuonekana hajui huanza kuamuru mapema, kwa kuwa amri ina sauti ya ujuzi. Huhamisha meza, hubadili zamu, hubandika matangazo ukutani; na watumishi humtazama wakisubiri apoe. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na neno hilo halimfai mtu yeyote kuliko mkubwa wa kazi katika wiki zake za kwanza.

Sasa tuje kwenye habari ya Rufiji. Katika miaka ya tisini, Serikali ilianza mageuzi katika sekta ya afya, na sehemu kubwa ya mamuzi iliyokuwa ikifanyika wizarani ilianza kushushwa wilayani. Waganga wakuu wa wilaya na timu zao, waliozoea kupokea maelekezo na kuyatekeleza, walijikuta wakitakiwa kupanga, kuchagua na kuamua fedha ziende wapi. Ulikuwa uongozi mpya kwa watu walewale, katika ofisi zilezile. Wizara ya Afya, ikishirikiana na Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Maendeleo cha Kanada, ilizichukua wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini, zijaribu jambo hilo kwa uangalifu. Mradi huo ulijulikana kwa kifupi kama TEHIP. Wilaya zote mbili pamoja zilikuwa na watu wapatao 700,000, na fedha zote zilizotumika kwa afya ya mtu mmoja kwa mwaka zilikuwa kama dola 8 za Marekani.

Jambo la kwanza lililofanyika halikuwa kununua dawa wala kujenga majengo. Lilikuwa kuhesabu. Wadodosaji walipanda baiskeli wakaenda nyumba kwa nyumba, wakiuliza: katika kaya hii, nani amezaliwa? Nani amefariki? Aliugua nini kabla ya kufa? Nani amelala kitandani hawezi kwenda shamba? Swali la namna hiyo ni zito kumwuliza mama aliyefiwa, na jibu lake ni zito kuliandika. Lakini ndilo lililokuwa halijulikani. Vitabu vya hospitali humwonyesha aliyefika hospitali. Mtoto aliyefia nyumbani ng'ambo ya mto, usiku wa mvua, hakuwamo katika kitabu chochote.

Hesabu ilipokamilika, iliwekwa kando ya bajeti, na kila mtu akaona kwa macho yake. Huko Morogoro, malaria ilikuwa imechukua kiasi cha asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea kwa vifo na maradhi, ilhali katika bajeti ya mwaka 1996 ilikuwa imetengewa asilimia 5 tu ya fedha. Magonjwa ya watoto yanayokuja kwa mkupuo, yaani nimonia, kuhara, utapiamlo, surua na malaria ya watoto, yalikuwa yamebeba asilimia 28 ya mzigo, na fedha zake zilikuwa asilimia 13. Hapakuwa na mwizi katika habari hii, ndugu zetu. Hapakuwa na mvivu. Palikuwa na watu wema waliopanga bajeti ya mwaka huu kwa kuitazama bajeti ya mwaka jana, na ya mwaka jana ilipangwa kwa kuitazama ya mwaka juzi. Kiti kilikuwa kikipokewa pamoja na mazoea yake, na mazoea yalikuwa hayajaulizwa swali.

Timu za wilaya zilipoonyeshwa hayo kwa michoro rahisi ambayo mtu yeyote angeielewa, zilibadili mipango yao zenyewe. Wahudumu wa zahanati walifundishwa kumtazama mtoto mgonjwa kwa ukamilifu wake, badala ya kutibu homa peke yake na kuacha kifua. Vyandarua vyenye dawa vilihimizwa. Dawa ziliagizwa kwa kufuata maradhi yaliyopo. Hapo Rufiji, kati ya mwaka 1999 na 2000, vifo vya watoto wasiotimiza mwaka mmoja vilishuka kutoka 100 hadi 72 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, na vifo vya watoto wasiotimiza miaka mitano vilishuka kutoka 140 hadi 120. Kwa muda wa miaka mitano hivi, vifo vya watoto wadogo katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Hatudai kwamba daftari peke yake liliponya watoto. Mambo mengi huchangia afya ya jamii. Lakini bila daftari, mkono uliokuwa na fedha usingejua pa kuelekea.

Liko jambo jingine katika habari hiyo ambalo wafanyabiashara waliomo humu watalielewa upesi kutushinda. Mradi ulikuwa tayari kuziongezea wilaya hizo hadi dola 2 kwa kila mtu kwa mwaka. Wilaya ziliweza kutumia vema kama senti 80 tu. Fedha zilikuwapo; kilichopungua kilikuwa uwezo wa kuzisimamia, yaani watu waliofundishwa, hesabu zilizonyooka, na utaratibu wa kupokea na kugawa. Kijana anayepokea duka la baba yake mara nyingi hufikiri kwamba kinachomzuia ni mtaji. Habari ya Rufiji inatuambia kwamba mtaji unaweza kufika mlangoni ukakosa pa kukaa. Uwezo hukua polepole, nao hauletwi na hundi.

Sasa tuitazame nusu ya pili ya hoja yetu, ile ya kugawa madaraka. Anayeijua Rufiji ya wakati ule anajua kwamba haikuwa wilaya ya kuzungukwa kwa siku moja. Mto uliikata. Upande mmoja ulikuwa bonde la mpunga, upande mwingine ulikuwa misitu, na kuelekea baharini ilikuwa delta, visiwa na mikoko, ambako njia ilikuwa mashua na saa ilikuwa maji kujaa na kupwa. Hadi lilipofunguliwa Daraja la Mkapa mwaka 2003, wasafiri wa barabara kuu ya kusini walikuwa wakivushwa kwa pantoni pale Ndundu. Timu ya watu wachache iliyokaa Utete ilitakiwa kusimamia zahanati zote hizo. Ikienda zahanati moja, nyingine zinasubiri. Ikirudi, mwezi umekwisha.

Timu ikakata shauri ambalo wakubwa wengi hulikwepa: ikagawa usimamizi. Vituo vya afya, vilivyo vikubwa kuliko zahanati, vikapewa jukumu la kuzisimamia zahanati zilizo jirani navyo. Mkuu wa kituo akapewa pikipiki, na redio za upepo zikafungwa ili zahanati ya mbali iweze kuuliza, kuomba dawa au kuita gari la mgonjwa bila mtu kutembea siku nzima. Ripoti zikapita kituoni kabla ya kufika Utete, na msaada ukashuka kwa njia hiyohiyo. Habari hizi zimeandikwa kwa urefu katika kitabu cha Don de Savigny, Harun Kasale, Conrad Mbuya na Graham Reid kilichotoka mwaka 2004.

Tutafakari maana yake. Mganga mkuu wa wilaya alipokubali kwamba mkuu wa kituo cha afya ataikagua zahanati kwa niaba yake, alikubali pia kwamba baadhi ya mambo yatafanyika asivyoyafanya yeye. Alipunguza safari zake, na pamoja na safari alipunguza sifa ya kuonekana kila mahali. Hilo ni gumu kwa mtu mpya, anayetaka kila jambo lipitie mkononi mwake ili watu waone kwamba mkono upo. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Zahanati inayosubiri ruhusa ya Utete kwa kila jambo ni zahanati ambayo mama mjamzito atafika usiku na kukuta watu wanaotazamana.

Mpaka hapa tumezungumza juu ya kujua na kugawa. Liko swali jingine linalomkabili anayekaa kwenye kiti kipya, nalo ni: kiti hiki kinamjibu nani? Kwa swali hilo tutoke Rufiji, twende Dar es Salaam mwaka 1967, kwenye habari ya mtu ambaye wengi katika jamii yenu mnamjua kwa jina: marehemu Jayantilal Keshavji Chande, aliyefahamika zaidi kama Andy Chande.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1928 katika familia ya Kihindu yenye asili ya Gujarati, akakulia Bukene, Tabora, na akawa miongoni mwa viongozi wa kampuni ya familia iliyokuwa ikisaga nafaka. Tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha. Mwezi huohuo vinu vikubwa vya kusaga nafaka vilitaifishwa, na kampuni ya Chande ikawamo. Mtu angetarajia habari iishie hapo, kwa uchungu au kwa safari ya kwenda ughaibuni, kama ilivyokuwa kwa wengi. Lakini Rais Nyerere alimtaka abaki aendeshe shughuli ileile kwa niaba ya taifa, naye akakubali, akawa meneja mkuu wa Shirika la Taifa la Usagishaji. Alibaki nchini, akatumikia mashirika mengine ya umma, akaongoza kwa miaka mingi bodi ya Shule ya Sekondari Shaaban Robert, na mwaka 2005 akatoa kitabu cha kumbukumbu zake. Alifariki mwaka 2017.

Hatukumtaja ili tufufue mjadala wa utaifishaji. Wazee waliomo humu wana kumbukumbu zao, na si zote tamu. Tumemtaja kwa sababu mkasa wake unaonyesha wazi jambo ambalo kwa wengi wetu hufichika. Mashine zilikuwa zilezile. Mahindi yalikuwa yaleyale. Wafanyakazi wengi walikuwa walewale. Kilichobadilika kilikuwa anayejibiwa. Juzi hesabu ilisomwa mbele ya familia. Leo ilisomwa mbele ya taifa, na bei ya unga ilikuwa jambo la kila nyumba. Mtu wa namna hiyo hawezi kuukalia uongozi mpya kwa ustadi wa zamani peke yake, hata kama anaijua kazi kuliko wote. Lazima ajifunze upya kazi ni ya nani.

Nasi yanatupata hayo kwa udogo wetu. Muuguzi bora anapokuwa mganga mfawidhi, ustadi wa kuchoma sindano haumsaidii kuandaa taarifa ya robo mwaka, wala kuketi na kamati ya zahanati na kueleza kwa nini dawa zimekwisha. Mwalimu hodari wa hisabati anapokuwa mwalimu mkuu, hugundua kwamba sasa wanaomtazama si wanafunzi arobaini tu. Ni wazazi, ni walimu wenzake, ni halmashauri. Cheo ni dhamana, walisema waasisi wa taifa hili. Dhamana maana yake ni kitu cha mwenyewe kilichowekwa kwako. Nanyi mna neno seva, utumishi usiodai malipo, ambalo mnalitenda jikoni mwa hekalu kila mnapopika chakula cha wageni. Anayelielewa neno hilo jikoni, amelielewa nusu ya uongozi kabla hajapewa barua.

Habari ya tatu ni fupi, na inahusu maumivu ambayo watu hawapendi kuyataja: kuwaongoza waliokuwa wenzako. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita hivi baada ya uhuru wa Tanganyika, Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akajenge chama, na Rashidi Kawawa akashika nafasi hiyo, hadi nchi ilipokuwa jamhuri tarehe 9 Desemba mwaka huohuo. Kawawa alikuwa ametoka katika vyama vya wafanyakazi. Alikuwa katibu mkuu wa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika. Alijua wafanyakazi wanavyodai haki, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amesimama mbele yao. Na ni katika mwaka wake huo wa uwaziri mkuu, 1962, ndipo zilipopitishwa sheria zilizobana migomo na kuweka taratibu mpya za kusuluhisha madai ya wafanyakazi na ya watumishi wa serikali. Waliokuwa wenzake katika vyama waliona wamefungwa mikono na mtu wao.

Watu wanaweza kutofautiana juu ya sheria hizo, na wametofautiana. Sisi tunachotazama ni ile hali. Mtu aliyekuwa upande huu wa meza amehamia upande wa pili, na kutoka huko anaona mambo ambayo hakuyaona. Lakini wale aliowaacha bado wanaona yale aliyokuwa akiyaona pamoja nao. Hakuna hila ya kuiondoa hali hiyo. Jana mlikaa barazani mkila mihogo na kumlalamikia mkubwa. Leo wewe ndiwe unayeidhinisha likizo na kuhoji aliyechelewa. Wako wanaojaribu kubaki rafiki wa kila mtu, na kazi ikaharibika. Wako wanaokata urafiki siku ya kwanza ili waogopwe, na wakabaki peke yao. Tulichokiona kinafaa ni kusema waziwazi mapema: urafiki wetu upo, na zamu ipo, nikikuhoji juu ya zamu sijaugusa urafiki. Kisha mtu ashike neno lake kwa usawa, kwa rafiki na kwa asiye rafiki, kwa maana watumishi hawasikilizi hotuba ya mkubwa. Wanatazama anamwacha nani.

Na wapo wenzetu wakubwa kwa umri. Katika zahanati nyingi za Rufiji utamkuta mhudumu aliyepo pale tangu mkuu mpya hajaanza shule. Anajua kila nyumba. Anajua ni mkunga gani wa jadi anayeaminiwa, na ni njia ipi hupitika mto ukijaa. Kwa cheo yuko chini. Kwa umri ni mama yako au baba yako. Vijana wengi hujiuliza: je, mkuu anaweza kumwamkia shikamoo mtu anayemsimamia? Sisi tunajibu: amwamkie, tena mbele ya watu. Shikamoo haijawahi kumpunguzia mtu cheo. Aliyeamkiwa kwa heshima asubuhi hukubali kuelekezwa mchana, na zaidi ya hayo atakuambia yale ambayo hayamo katika kitabu chochote cha MTUHA.

Tuchukue mfano mmoja wa mambo hayo. Mkuu mpya akifika bondeni wakati mpunga unakaribia kuiva, atakuta kliniki haina watu na madarasa yana nafasi. Akiwa mwepesi wa kuamuru, ataandika kwamba wananchi wa hapa hawajali afya wala elimu. Lakini akimwuliza yule mhudumu, ataambiwa kwamba familia zimehamia mashambani, zinaishi kwenye madungu zikilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, na kwamba mama hawezi kuacha shamba siku nzima ili mtoto apimwe uzito. Hapo amri ya kuwalaumu inageuka kuwa mpango wa kuwafuata. Mto Rufiji una kalenda yake, na ulitukumbusha sote katika mafuriko ya Aprili 2024, mashamba na nyumba vilipofunikwa na maji Rufiji na Kibiti. Anayepanga kazi ya mwaka bila kuuliza kalenda ya mto amepanga kazi ya wilaya nyingine.

Basi tunamwambia nini kijana atakayefungua mlango kesho? Tumwambie machache.

Asikubali funguo bila makabidhiano. Ahesabu kilichopo pamoja na anayeondoka, kitu kwa kitu, deni kwa deni, na waandike wote wawili majina yao chini. Si kwa kutiliana shaka. Ni kwa sababu hesabu iliyoandikwa huwalinda wote wawili, na huulinda urafiki wao.

Atumie siku zake za kwanza kuuliza maswali yaleyale kwa watu mbalimbali: kazi gani hapa inafanyika vizuri na isiguswe? Kazi gani inafanyika kwa sababu tu imezoeleka? Nani hatufikii, na kwa nini? Swali hilo la tatu ndilo la wale wadodosaji wa baiskeli. Duka lina wateja walioacha kuja, hekalu lina waumini walioacha kuonekana, na shule ina mtoto ambaye kiti chake ni kitupu. Hao hawaji kulalamika, lazima wafuatwe.

Achague jambo moja dogo linalowasumbua wote, alitengeneze mapema. Taa ya chumba cha kujifungulia, bomba la maji, mlango wa choo cha watumishi. Watu wakiona dogo limetimia, wanasubiri kubwa kwa subira.

Na agawe. Amtaje mtu kwa jina, ampe kazi kwa jina, ampe na uwezo wa kuamua ndani ya kazi hiyo. Kisha amwulize matokeo kwa siku waliyokubaliana. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kiongozi mpya ni mgeni kwa muda mfupi tu; jembe litamfikia. Lakini akumbuke kuwapa na wenzake majembe, shamba ni kubwa.

Neno letu la mwisho ni kwa wazee, maana mara nyingi mawaidha haya huelekezwa kwa vijana peke yao. Wazee wetu, anayekabidhi ana kazi ngumu sawa na anayepokea. Duka ulilolifungua mwenyewe kila asubuhi kwa miaka thelathini haliondoki moyoni kwa kukabidhi funguo. Utapita, utaona bidhaa zimepangwa upande mwingine, na ulimi utawasha. Tunawaomba mshauri faraghani na mnyamaze hadharani. Mteja akija kwenu kumshtaki kijana, mrudisheni kwa kijana. Mkimwamulia jambo moja mbele ya watu, mmemwondolea mamlaka ya mambo kumi, na watu watajua kwamba mlango wa kweli ungali kwenu.

Babu za baadhi yenu walifanya biashara Utete, Mohoro na Kibiti, wakapima mpunga na kuuza nguo na chumvi kandokando ya mto ule. Walianza kama wageni wasioijua lugha, wakajifunza majina ya watu, majira ya maji, na nani alipe lini. Walijua kabla ya kuamuru, kwa kuwa hawakuwa na wa kumwamuru. Elimu hiyo ni urithi wenu, na inawatosha vijana wenu kuanzia.

Kwa upande wetu, tutarejea Utete na kuendelea na kazi. Zahanati zetu zinahitaji watu wanaojua wagonjwa wao wako wapi, na shule zetu zinahitaji walimu wakuu wanaouliza kiti kitupu ni cha nani. Tunalitakia hekalu hili maisha marefu, ujirani mwema na wote wanaolizunguka, na makabidhiano ya amani. Mungu awabariki wanaoondoka vitini, na awape masikio wanaokaa.